Nyasi Bandia na Tope la Uani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Wakazi wa Igogwe hawahitaji kusimuliwa habari za tope. Mvua huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Mei, na hata katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ukungu na manyunyu huichelewesha ardhi kukauka. Ua wa nyumba, njia ya kwenda chooni na uwanja wa shule huvurugika kwa miguu ya watu na mifugo. Kwa kuwa nyasi bandia sasa zinauzwa katika maduka ya mijini, na hazihitaji kufyekwa wala kupaliliwa, wapo wanaoziona kuwa suluhisho. Makala hii inaeleza zinavyofanya kazi na zinapofaa.

Nyasi bandia ni nini?

Ni zulia la nyuzi za plastiki zilizoshonwa kwenye kitambaa kigumu chenye matundu ya kupitishia maji. Zilipata umaarufu mwaka 1966 zilipotandikwa katika uwanja wa Astrodome, Houston, Marekani, baada ya nyasi za asili kufa kwa kukosa mwanga chini ya paa. Hapa nchini zimetandikwa katika viwanja vya mpira kama vile Uhuru jijini Dar es Salaam, Nyamagana jijini Mwanza na Kaitaba mjini Bukoba, mji ambao, kama Tukuyu, hupata mvua nyingi.

Tunapaswa kufahamu kwamba katika viwanja hivyo kazi kubwa iko chini ya zulia. Ardhi huchimbwa na kusawazishwa kwa mwinamo, mifereji huwekwa, kisha hushindiliwa tabaka za kokoto na changarawe. Anayetandika zulia juu ya udongo mtupu atakuwa amelifunika tope tu. Maji yatatuama chini yake, zulia litajikunja na kubonyea, na mahali penye kivuli patafanya ukoga wa kijani unaoteleza.

Tatizo ni maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Hivyo, mvua ya milimita 50 kwa siku moja humwaga lita 5,000 kwenye ua wa mita 10 kwa 10, bila kuhesabu yanayotiririka kutoka paani na kwa jirani wa juu. Maji hayo yasipoonyeshwa njia, hakuna nyasi itakayoyastahimili, iwe ya asili au ya plastiki.

Sehemu kubwa ya udongo wa Rungwe imetokana na majivu ya volkano, na usipokanyagwa hunyonya maji vizuri. Ukishindiliwa na nyayo kwa miaka mingi, matundu yake huziba. Mahali pengine upo mfinyanzi wa asili. Ili kutambua hali ya ua wako, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywee, kisha ulijaze tena. Yakiwa bado yapo kesho yake, udongo haupitishi maji ya kutosha.

Hatua zinazofaa kwa kaya

Kwanza, zuia maji ya paa kwa mabati ya kukingia na tangi, au yaelekeze kwenye mfereji. Pili, upe ua mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita 1, kuelekea mbali na msingi wa nyumba. Tatu, chimba mfereji upande wa juu wa ua, ukiangalia usimwage maji kwa jirani wala barabarani. Nne, weka mawe au kokoto kwenye mapito ya kila siku, maana hakuna nyasi inayoota mahali panapokanyagwa bila kupumzika.

Sehemu iliyobaki, tifua udongo, changanya samadi iliyooza, kisha panda vipande vya ukoka mvua zinapoanza, na uzuie watu kupita hadi vishike. Wakati wa baridi nyasi hukua polepole, hivyo kazi ya kufyeka hupungua. Majani yanayofyekwa ni chakula cha ng'ombe wa maziwa, faida ambayo plastiki haiwezi kutoa. Ukoka usiachwe kuvamia shamba. Uwekee mpaka wa mawe.

Nyasi bandia zinafaa wapi?

Zinafaa mahali padogo penye matumizi makubwa na msingi uliojengwa vizuri, kwa mfano kibaraza cha saruji chenye mwinamo au eneo la michezo ya watoto wadogo. Hata hapo zitahitaji kufagiliwa na kuoshwa, na baada ya takriban miaka 10 zitachakaa na kuwa taka zisizooza. Aina zinazojazwa chembe za mpira hazifai karibu na vijito vyetu, kwa kuwa mvua huzisomba. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya kusitisha uuzaji wa chembe hizo ifikapo mwaka 2031.

Kwa kamati za shule na vijiji zinazofikiria kutandika uwanja, kumbukeni kwamba uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Kabla ya kuchangisha fedha za wananchi, ombeni ushauri wa mhandisi wa Halmashauri kuhusu mifereji na msingi. Kwa ushauri wa nyasi na udongo wa nyumbani, mwone Afisa Kilimo wa Kata yako. Anza na mfereji. Zulia, likihitajika, lifuate baadaye.