Kutu na bati: maneno mawili ya kutumia kwa uangalifu

Kutu ni tabaka la rangi ya kahawia yenye wekundu linalojitokeza juu ya chuma kilichopata maji na hewa. Nomino hii aghalabu hutumika katika umoja: kutu imeenea, si kutu zimeenea. Vitenzi vinavyoandamana nayo havina uzito mmoja. Chuma huota kutu au hushika kutu inapoanza kuonekana juu juu. Huliwa na kutu pale unene wake unapopungua. Jembe lililoshika kutu hunolewa likaendelea na kazi. Bati lililoliwa na kutu huvuja. Mfasiri hana budi kuzitenga hali hizi mbili.

Kutu hutokea chuma kinapoungana na oksijeni pakiwapo maji. Vyote viwili ni vya lazima. Msumari uliofungiwa katika chupa yenye hewa kavu haushiki kutu. Hali kadhalika ule uliozamishwa katika maji yaliyochemshwa kisha yakafunikwa kwa mafuta, kwa kuwa kuchemsha hufukuza hewa iliyomo majini na mafuta huzuia nyingine isiingie. Maji na oksijeni vikikutana juu ya chuma, sehemu moja ya chuma huachia elektroni na sehemu nyingine oksijeni na maji huzipokea. Zao la mwisho ni oksaidi ya chuma iliyofungamana na maji. Oksaidi hiyo ina vinyweleo na hubanduka, hivyo haikikingi chuma kilicho chini yake, ulaji huendelea.

Kasi ya ulaji huo hutegemea mazingira. Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Kagera, hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Jembe linaloachwa migombani likiwa na udongo mbichi huota kutu upesi; likifutwa, likakaushwa na kupakwa mafuta, hudumu. Hata hivyo, wilaya hizo ziko mbali na bahari. Chuma cha Tanga au Unguja hupambana pia na chumvi inayopeperushwa na upepo wa pwani. Chumvi hunasa unyevu na kuyawezesha maji kupitisha chaji za umeme kwa wepesi zaidi, na kutu hushika kasi. Kwa sababu hiyo hiyo, ndoo ya chuma iliyobebea mbolea ya chumvichumvi yafaa ioshwe na kukaushwa mara baada ya kazi, hata kama shamba liko bara. Joto na asidi navyo huongeza kasi.

Njia mojawapo ya kukikinga chuma ni kukipaka metali nyingine, na hapa ndipo neno bati linapohitaji uangalifu. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ina madini ya bati. Katika maana hiyo, bati ni metali mahususi, tofauti na chuma. Lakini mtu wa Kayanga anaponunua bati la kuezekea, anachopewa ni chuma kilichopakwa zinki, au mchanganyiko wa zinki na alumini. Bati la Kyerwa halimo katika paa hilo. Metali ya bati hupatikana juu ya chuma chembamba cha makopo na madebe, likiwamo debe la zamani la kupimia maharage.

Tofauti hiyo hudhihirika kinga inapokwaruzwa. Zinki huachia elektroni kwa wepesi kuliko chuma. Hivyo paa likipata mkwaruzo mdogo, zinki huliwa kwanza na chuma husalimika kwa muda. Metali ya bati huachia elektroni kwa uzito kuliko chuma. Debe likikwaruzwa, chuma kilichofunuliwa ndicho huliwa kwanza, tena kwa kasi kuliko ambavyo kingeliwa kama kisingepakwa kitu. Neno moja, basi, limebeba vitu viwili vyenye tabia zinazopingana.

Katika mazungumzo, muktadha hutosha: hakuna fundi atakayedhani kuwa bandali ya mabati imetoka mgodini. Katika kitabu cha kemia au maelezo ya bidhaa, mkanganyiko huwa na gharama. Mwanafunzi aliyesoma kuwa paa ni chuma kilichopakwa bati atatoa jibu lililopinduka akiulizwa kuhusu mkwaruzo, na mwenye nyumba atalipuuza debe lenye mkwaruzo akidhani linajikinga kama paa lake. Kwa hiyo yapendekezwa kuandika:

Bati la kuezekea: chuma kilichopakwa zinki.
Kopo au debe: chuma kilichopakwa metali ya bati.
Madini ya Kyerwa: madini ya bati, kamwe si madini ya mabati.

Wingi mabati ubaki kwa vipande vya kuezekea. Metali yenyewe, kama dhahabu na shaba, haihesabiwi.