Darasa la Watu Mia Sita na Kosa la Mtu Mmoja

Kuandika programu ni ufundi wa mkono, kama kushona au kuchonga mlango: hauingii kichwani kwa kumsikiliza fundi akisimulia. Mwanafunzi huandika mistari michache, akaiendesha, akaona ilipokatikia, akarekebisha, akaiendesha tena. Katika chumba cha watu ishirini mwalimu hupita nyuma ya viti na kuona nani amekwama. Katika ukumbi wa watu mia sita hilo haliwezekani. Kazi za wiki hii husahihishwa wiki ijayo, na majibu yakirudi, mwanafunzi amekwishasahau alikuwa anafikiri nini alipokosea.

Ukubwa wa tatizo ulionekana wazi mwaka 2001, pale kundi la watafiti lililoongozwa na Michael McCracken lilipowapa zoezi la kutengeneza kikokotoo wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne waliokwisha kupita masomo ya mwanzo ya programu. Wastani wao ulikuwa 22.89 kati ya alama 110. Wanafunzi hao walikuwa wamekaa darasani, lakini wengi hawakuweza kuandika programu inayofanya kazi.

Wazo la kuikabidhi mashine usahihishaji ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1960 Jack Hollingsworth, wa Rensselaer Polytechnic Institute huko Marekani, alieleza jinsi kompyuta ya IBM 650 ilivyosahihisha programu za wanafunzi zilizoletwa kwenye kadi zilizotobolewa. Faida aliyoipata ni ileile inayotafutwa leo: wanafunzi wengi zaidi kwa mashine moja na walimu walewale. Aliliona pia tatizo ambalo lingali hai, kwamba programu ya mwanafunzi ikikaa pamoja na programu inayoisahihisha, mwanafunzi mjanja anaweza kuichezea ile ya pili.

Msahihishaji wa kisasa hufanya kazi kwa majaribio. Tuseme zoezi ni kutafuta wastani wa orodha ya namba. Mhadhiri huandaa mapema orodha kadhaa na majibu yake: orodha ya kawaida, yenye namba moja tu, yenye namba hasi, na orodha tupu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu jumla hugawanywa kwa sifuri. Mwanafunzi akibonyeza kitufe, msimbo wake hupelekwa kwenye seva na kuendeshwa ndani ya eneo lililofungwa, usiweze kugusa mafaili ya wengine. Baada ya sekunde chache anaona jaribio lililopita, lililoshindwa, na tofauti kati ya jibu lililotarajiwa na lake.

Zipo programu zisizoisha, zenye kitanzi kinachozunguka bila kikomo. Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba haiwezekani kuwa na njia moja ya kuamua, kwa kila programu, kama itafika mwisho. Basi msahihishaji hatumii akili hapo, hutumia saa: muda uliowekwa ukipita, programu hukatwa. Ni suluhisho la kifundi tu, lakini ndilo linalozuia kosa la mwanafunzi mmoja kuisimamisha seva ya darasa zima.

Programu ya CodeRunner, iliyoanzishwa na Richard Lobb wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, huingiza kazi hii yote ndani ya Moodle, jukwaa la masomo linalotumika pia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Mwanafunzi hahitaji kuwa na kompyuta yenye nguvu, kwa kuwa kazi nzito hufanywa na seva; kivinjari kinamtosha. Na seva ikiwa ndani ya chuo chenyewe, mazoezi huendelea kwenye mtandao wa ndani hata intaneti ya nje ikikatika.

Hata hivyo, kumwambia mtu amekosea si kumwonyesha alivyokosea. Kwa hilo, chombo kilichosaidia kuliko vingi ni Python Tutor, kilichotengenezwa na Philip Guo mwaka 2010. Huendesha msimbo mstari baada ya mstari huku kikichora yaliyomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mfano mzuri ni mistari hii mitatu ya lugha ya Python:

a = [1, 2]
b = a
b.append(3)

Wanaoanza wengi huamini kwamba b ni nakala, na kwamba a imebaki na namba mbili. Sivyo, a nayo sasa ina namba tatu. Mchoro unaonyesha mishale miwili, mmoja kutoka a na mwingine kutoka b, yote ikielekea kwenye orodha moja. Ni kama mwanamke anayeitwa Mama Asha mtaani na Mwalimu Zuhura shuleni: akisuka nywele, Mama Asha kasuka na Mwalimu Zuhura kasuka. Kwa maneno, jambo hili laweza kula nusu saa. Kwa mchoro, dakika mbili.

Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, somo la Data 8, lililoanza mwaka 2015 na kukua hadi kupokea zaidi ya wanafunzi elfu moja kwa muhula, hutumia madaftari ya Jupyter, ambamo maelezo, msimbo na michoro hukaa kwenye ukurasa mmoja. Wanafunzi wote huanza wakiwa na mazingira yaleyale yaliyowekwa tayari. Kila aliyewahi kupoteza kipindi cha kwanza akihangaika kusakinisha programu kwenye kompyuta za kila aina anajua thamani ya hilo.

Ukumbini kwenyewe, mbinu iliyoonyesha matokeo makubwa haihitaji teknolojia nyingi. Mhadhiri huonyesha msimbo mfupi na kuuliza utatoa nini. Kila mmoja hupiga kura peke yake, kisha hujadiliana na jirani na kupiga kura upya. Eric Mazur aliianzisha kwa fizikia huko Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1990. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu masomo manne ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, ulikuta kiwango cha kufeli kikishuka kutoka asilimia 20 hadi 7.

Majibu ya haraka yana madhara yake pia. Mwanafunzi aliyezoea kitufe huanza kubahatisha: anabadilisha alama ya < kuwa <=, anabonyeza, anabadilisha tena, mpaka majaribio yote yapite bila yeye kujua sababu. Ndiyo maana CodeRunner humwezesha mhadhiri kukata alama kidogokidogo kila mwanafunzi anapowasilisha jibu lisilo sahihi.

Tangu kutolewa kwa ChatGPT, programu ya akili bandia, mwishoni mwa mwaka 2022, zoezi la mwanzo laweza kujibiwa bila mwanafunzi kuandika hata mstari mmoja. Somo la CS50 la Harvard, linaloongozwa na David Malan, lilileta mwaka 2023 msaidizi wake wa akili bandia mwenye umbo la bata, kutokana na desturi ya waandishi wa programu ya kumweleza bata wa mpira msimbo wao mstari kwa mstari hadi kosa lijitokeze. Bata huyu ameelekezwa kutoa vidokezo badala ya jibu kamili, na maswali anayopokea kwa muda mfupi yamewekewa kikomo, ili mwanafunzi ajaribu kwanza mwenyewe kabla ya kuuliza tena.