Neno "Cell": Chumba Kimoja, Wapangaji Wengi

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia katika mtihani kwamba seli ya mnyama ina ukuta "kama chumba cho chote". Alikosa alama, lakini nilipotafakari niliona kwamba aliyempotosha ni neno lenyewe.

Kiingereza kilipata neno "cell" kutokana na Kilatini "cella", yaani chumba kidogo au ghala. Vyumba vya watawa viliitwa hivyo, kisha vya wafungwa. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke, katika kitabu chake Micrographia, alieleza alichokiona kwa hadubini katika kipande chembamba cha gamba la mti litengenezwalo vizibo vya chupa: vijishimo vingi vilivyotengwa kwa kuta. Akaviita "cells". Yafaa ieleweke kwamba gamba lile lilikuwa limekwisha kufa. Hooke aliona nyumba. Wenyeji walikuwa wamehama.

Schleiden mwaka 1838 alieleza kwamba mimea imejengwa kwa seli, na Schwann mwaka 1839 akasema vivyo hivyo kuhusu wanyama. Jina likabaki, ijapokuwa seli ya mnyama haina ukuta bali utando laini, na ndani yake shughuli hazikomi: protini huundwa, chakula hutolewa nishati.

Wapangaji wengine nao waliingia. Kwa mafundi wa umeme, betri ya gari ya volti 12 ina seli 6, kila moja yapata volti 2. Katika simu za mkononi, "cell" ni eneo dogo linalohudumiwa na mtambo wake wa mawasiliano. Hata mashina ya nyumba kumi kumi ya TANU yaliitwa "cells" kwa Kiingereza. Tazama, msomaji: Kiswahili hakikutafsiri chumba, kilichagua shina, kitu kinachoota na kuchipua.

Hapa ndipo penye funzo. Mzazi aambiwapo kwamba mwanawe ana selimundu, neno tupu halimfai kitu. Aelezwe kwamba chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu kwa sababu himoglobini yake ina kasoro, na kwamba kasoro hiyo hurithiwa kutoka kwa baba na mama, wala mtoto hakurogwa. Tukope maneno, hapana ubaya. Lakini tusiwakabidhi watu mlango bila kuwafungulia wakaona kilichomo ndani.