Kuoana Uzeeni, Kati ya Karatu na Ubalozi

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja umri wa chini wa kufunga ndoa, na umri huo umebishaniwa hadi Mahakama ya Rufani. Umri wa juu haikuuweka. Mtu wa miaka sabini na tatu akitaka kuoa au kuolewa Karatu, hakuna kifungu cha kumzuia. Wanaoweza kujaribu ni watoto wake, nao hawamo kwenye sheria.

Karatu habari hizi si ngeni. Mji uko kwenye barabara iendayo lango la Lodoare, na karibu kila gari la watalii linaloshuka kreta ya Ngorongoro hupita hapa kwanza. Wengi hupita tu. Wachache hurudi: muuguzi mstaafu aliyekuja kujitolea hospitalini, mjane aliyekuja na kikundi cha kanisa, mwalimu wa Kijerumani aliyekwisha kustaafu na kuachika. Na Karatu nayo ina wajane wake, wastaafu wake, madereva waliozeekea barabarani. Watu hukutana. Tuseme basi, kwa mfano tu, bibi wa miaka 66 wa Ohio na mzee wa miaka 68 wa Karatu wamekubaliana kuoana. Swali lao la kwanza litakuwa: tuombe viza gani?

Kwa vijana hilo ni swali la haki. Kwa wazee ni la pili. La kwanza ni kwamba mmoja wao atatangulia kufa, tena pengine si miaka mingi ijayo. Je, atakayebaki atabaki nchi gani, kwa kibali gani, akila nini? Wenye miaka ishirini na saba wanaweza kuliahirisha swali hilo miaka thelathini. Wenye sitini na nane hawana hiyo miaka ya kuahirisha, na viza nyingi za ndoa zimeandikwa kana kwamba kila anayeoa ndiyo kwanza anaanza maisha.

Tuanze na ndoa yenyewe, maana hapo ndipo wengi huteleza. Zipo hoteli za ukingoni mwa kreta zinazoandaa sherehe nzuri: ukungu, wazee wa Kimaasai na baraka zao, keki, picha. Sherehe hiyo peke yake haina uzito wowote ubalozini wala Uhamiaji. Kinachotakiwa ni cheti cha ndoa, na ndoa ya kiserikali hufungwa mbele ya msajili katika ofisi ya wilaya, baada ya taarifa ya siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Anayetaka kufupisha siku hizo huomba leseni maalumu kwa Msajili Mkuu, yaani RITA. Tanzania haina viza ya mchumba na haiihitaji: viza ya kawaida ya matembezi ni ya siku hadi 90, ada yake dola 50, na Wamarekani hulipa dola 100 kwa ile ya mwaka mzima. Siku 21 zinaingia humo na nafasi ya kuugua tumbo inabaki.

Mgeni huja na pasipoti, cheti cha kuzaliwa na hati ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzi wa kwanza. Kwa kawaida karatasi zake ziko sawa. Wazungu huachana kwa mafaili. Shida huwa upande wetu. Mzee wetu wa Karatu alioa kimila mwaka 1979, mke akaondoka mwaka 1994 akarudi kwao Mbulu, ng'ombe wakajadiliwa, watu wakayamaliza. Ukoo unajua kwamba ndoa hiyo ilikwisha. Sheria haijui. Ndoa ya kimila haibatiliki kwa kukosa kusajiliwa, na chini ya sheria ya 1971 mwenye uwezo wa kuivunja ndoa ni mahakama peke yake, tena baada ya shauri kupita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Machoni pa sheria mzee huyu bado ana mke. Akijaza fomu kwamba hajaoa na ofisa wa ubalozi akaja kuyagundua yale ya 1979 kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ombi litageuka kesi ya udanganyifu hata kama mzee hakukusudia kumdanganya mtu. Njia ni kwenda mahakamani kuomba talaka ya ndoa ambayo kila mtu ameshaisahau. Inachosha, na kuna ubishi wa kumtafuta mama watoto na kumwambia kwamba baada ya miaka thelathini anaachwa rasmi. Ifanyike hata hivyo, na ifanyike mapema.

Lipo na suala la aina ya ndoa. Sheria yetu huichukulia ndoa ya Kiislamu au ya kimila kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, na nyingine zote kuwa za mke mmoja. Nchi za Magharibi hazimpokei mke wa pili. Mwenye nia ya kuhamia huko afunge ya mke mmoja, na iandikwe hivyo.

Baada ya cheti, wengi hutazama ng'ambo. Uingereza inataka mwenzi aliyeko kule awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa Aprili 2024 kutoka 18,600. Pensheni inahesabiwa, na asiye na kipato hicho anaweza kuonyesha akiba ya pauni 88,500. Juu ya hapo kuna ada ya viza, ada ya huduma ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka, na cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Wazee wamepunguziwa kitu kimoja: aliyefikisha miaka 65 hafanyi mtihani wa Kiingereza. Serikali ya Mfalme imekubali kwamba baada ya umri huo mtu ana haki ya kutoelewa anachoambiwa. Wajerumani hawajafika huko. Mwenzi anayehamia kwao hutakiwa kwa kawaida kuonyesha Kijerumani cha hatua ya kwanza kabla ya kupewa viza, na darasani mzee atakaa na vijana wanaoweza kuwa wajukuu zake.

Marekani ndiyo inayoulizwa zaidi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni viza ya mchumba, K-1: raia wa Marekani hupeleka ombi la dola 675, wachumba wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili iliyotangulia, mgeni aingie, na ndoa ifungwe kule ndani ya siku 90. Kisha yaombwe upya makazi ya kudumu, dola 1,440 nyingine. Ya pili ni kufunga ndoa Karatu kwanza, halafu mwenzi aombewe kama mke au mume. Vijana huipenda ile ya kwanza kwa kuwa wanadhani ni ya haraka. Kwa wazee naiona mbaya, na sababu zangu mbili hazihusiani na haraka.

Moja ni msiba. Aliyeingia kwa K-1 na kuomba makazi akitoka Marekani kabla ya kupewa kibali cha kusafiri, ombi lake huhesabiwa limeachwa. Mtu wa miaka 68 ana kaka na dada wa miaka sabini na themanini. Kumwambia asiende kuzika, akae Ohio asubiri barua, ni kumwomba kitu ambacho ukoo hautakisahau.

Nyingine ni kifo cha mwombaji mwenyewe. Mchumba Mmarekani akifa kabla ya ndoa, ombi hufa naye. Lakini aliyekwisha funga ndoa ya halali na raia wa Marekani, kisha akafiwa, ana miaka miwili ya kujiombea mwenyewe kama mjane. Sheria ile inamtambua mjane na haimtambui mchumba, na kwa watu wa umri huu tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua.

Pamoja na hayo, mlango wenyewe umekuwa mgumu. Oktoba 2025 Marekani iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanaoomba viza ya matembezi wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000, na Desemba mwaka huohuo vikatangazwa vizuizi vya kuingia, viza za ukaazi zikiwemo. Sera hizi huja kwa tangazo na huondoka kwa tangazo. Kijana anaweza kusubiri rais mwingine. Mzee asipange uzee wake juu ya uchaguzi wa watu wengine.

Ndiyo maana, kwa wawili kama hawa, hesabu hurudi Karatu. Pensheni ya Marekani hulipwa hata mwenyewe akiishi Tanzania, na kwa bei za Karatu inatosha. Ya Uingereza nayo hulipwa, ila huganda: anayeishi Tanzania hapati nyongeza ya kila mwaka, kiasi cha siku aliyohamia ndicho atakachozikwa nacho. Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, haivuki bahari. Mji una hospitali ya Kilutheri na ile ya FAME, iliyoanzishwa na wanandoa wa Kimarekani waliohamia hapa, lakini kwa moyo au kansa safari ni ya Arusha, kilomita 140 hivi, au KCMC kule Moshi. Bima ya kusafirishwa kwa ndege si anasa.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo wapenzi hawapendi kulisoma. Mjane wa Kitanzania ambaye hakuwahi kuishi Marekani kwa miaka mitano akiwa mke au mume wa marehemu, kwa kawaida hatalipwa pensheni ya mjane akiwa huku. Yaani hela inayoiendesha nyumba hukoma siku Mmarekani anapozikwa. Wanaochagua kukaa Karatu wajue hilo na waweke akiba kwa jina la atakayebaki, wakati wote wawili bado wanaweza kusaini.

Kwa upande wa Uhamiaji wetu, mgeni aliyeoana na raia huombewa hati ya mtegemezi. Mstaafu anaweza pia kuomba kibali cha ukaazi daraja C kwa jina lake, kilekile kinachowahusu wanafunzi, watafiti na wamisionari. Namshauri mwenye uwezo achukue hiki cha pili, kwa kuwa mtegemezi husimama juu ya mtu, na mtu huyo ana miaka 68. Vyote viwili havimruhusu kufanya kazi, na kazi hapa ina maana pana: muuguzi mstaafu anayesaidia zahanati asubuhi mbili kwa wiki bila malipo aulize kwanza kibali cha kujitolea.

Ardhi haitaandikwa kwa jina lake. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia umiliki isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo nyumba aliyoijenga kwa pensheni yake itasimama kwenye kiwanja cha mwenzi, na siku ya mirathi itajadiliwa na watoto wa kambo. Wenye ukwe ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro wana unafuu wa namna yake: huko hakuna mwenye hati, mgeni wala mwenyeji. Badala yake kuna ada ya lango, dola 60 kabla ya VAT kwa mgeni asiye mkazi, na mkwe halipunguziwi kwa sababu ni mkwe. Tena tangu 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, hivyo anwani ya ukweni ni vyema kuithibitisha kabla ya kufunga safari. Wageni wawili wamepata ukaazi wa kudumu ukingoni mwa kreta bila kuulizwa daraja, kwa kuzikwa hapo: mhifadhi Mjerumani Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na baba yake Bernhard, aliyemfuata 1987.

Unabaki uraia, na hapo sheria yetu inasema wazi kitu kisichofaa. Kwa mujibu wa kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya 1995, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume aliyemwoa Mtanzania hana haki hiyo. Yeye huomba tajnisi kama mgeni yeyote: miezi kumi na miwili mfululizo nchini, na kabla ya hapo miaka isiyopungua saba ndani ya kumi. Mholanzi wa miaka 68 aliyemwoa mwalimu mstaafu wa Karatu akianza kuhesabu leo ataomba akiwa na 76, kisha aukane uraia wa kwao. Na yule mwanamke aliyependelewa, asipoomba mapema, mume akifa haki yake imekwenda naye.

Kenya inapakana nasi na ilikwisha kulirekebisha hilo. Katiba yake ya 2010 inampa mwenzi wa raia, mke au mume, haki ya kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, na sheria yake ya 2011 inawataja wajane wa kike na wa kiume. Hakuna cha kutungua mbinguni hapa. Bunge letu likifungue kifungu cha 11, kimhusu mume kama kinavyomhusu mke, na kiwataje waliofiwa.