Unatolewa Mafindofindo? Cheki Njia Tatu na Vile Kila Moja Inauma

Kama umewahi kumeza mate ukahisi ni kama umemeza mwiba wa samaki, unajua noma ya mafindofindo. Dawa umekunywa, wiki mbili yamefura tena, sasa daki amesema yatolewe. Swali ni moja tu: itauma aje?

Njia kubwa ni tatu.

Kisu na makasi. Hii ni ya kitambo. Findo linabanduliwa kwa vyuma vya kawaida. Ukiwa mezani damu hutoka zaidi, lakini nyama haichomwi, so uchungu wa baadaye huwa afadhali.

Umeme. Findo linakatwa na mishipa inachomwa hapo hapo. Damu ya mezani ni kidogo, lakini koo linabaki na kidonda cha moto. Hapo ndipo utajua hujui.

Koblesheni. Hii inatumia mawimbi ya redio kwenye maji ya chumvi, joto la kama nyuzi 40 hadi 70. Ile ya umeme hupita 400. Watu huisifu ati haiumi. Lakini mwaka 2017 Cochrane walipitia tafiti 29: nafuu ilikuwa ndogo siku za kwanza, na kufika siku ya saba tofauti karibu iishe.

Cheki pia hii. Uingereza, 2003 hadi 2004, walifuatilia watu zaidi ya 33,000 waliotolewa mafindofindo. Waliofanyiwa kwa vyuma vya kawaida ndio walivuja damu kidogo zaidi baadaye.

Kwa hivyo usiuze simu juu ya mashine. Muulize daki ni njia gani amezoea, na kwa nini anakuchagulia hiyo.

Njia yoyote ile, jipange siku 10 hadi 14. Siku ya tatu ama ya nne unaweza kuumwa kuliko ya kwanza, mpaka masikio yaume. Usishtuke. Dawa ya uchungu kunywa kwa saa uliyopangiwa, usingoje ikuzidie. Aspirini achana nayo, inaongeza kuvuja. Mtoto usimpe kodeini: Marekani waliikataza baada ya hii operesheni tangu 2013. Kunywa maji, madafu, uji uliopoa. Koo likikauka, linauma zaidi. Achari na pilipili zitakungoja.

Sasa wewe wa Likoni, sikiza vizuri. Kati ya siku ya 5 na ya 10 gaga hubanduka kooni, na damu inaweza kurudi. Kama ulipasuliwa kisiwani, katikati yenu kuna feri. Kabla hujalazwa, uliza: nikivuja saa nane usiku, naenda wapi kwanza? Nani ana gari? Tunapita feri ama Dongo Kundu?

Ukitema damu mbichi, usingoje kupambazuke. Amsha mathe, muende.