Lenzi ya harusini yaweza kunasa nebula

Mpigapicha wa harusi ana chombo cha kuchunguzia anga kwenye begi lake, na wengi hawalijui hilo. Lenzi yake ndefu, ile ya milimita 70 hadi 200 anayomfuatia biharusi kutoka mwisho wa ukumbi, inatosha kunasa nebula. Nebula ni mawingu ya gesi na vumbi yaliyotanda katikati ya nyota. Jicho la binadamu ama haliyaoni kabisa, ama huyaona kama kipande cha ukungu wa kijivu.

Jambo hili si geni. Edward Emerson Barnard alizaliwa Nashville, Marekani, mwaka 1857, katika nyumba ya ufukara. Hajafikisha hata miaka 10, akapelekwa kufanya kazi kwenye studio ya picha. Aliwekwa kwenye mtambo mkubwa wa kukuzia picha uliotumia mwanga wa jua, na kazi yake ilikuwa kuuzungusha kwa mkono ili ulifuate jua linavyosogea. Alipokuja kuwa mwanaastronomia katika kituo cha kuchunguzia anga cha Lick, California, alichukua lenzi kuukuu ya studio, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga picha za sura za watu, akaielekeza kwenye Njia Nyeupe. Picha za mwaka 1889 zilitoka na mawingu ya nyota na mapengo meusi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona kwa uwazi ule. Mwaka 1894 akatumia lenzi ndogo zaidi, ya taa ya kuonyeshea picha ukutani, akanasa upinde mkubwa wa gesi unaolizunguka kundinyota la Jabari, ambalo Wazungu huliita Orion. Upinde huo leo una jina lake. Upana wake ni zaidi ya nyuzi 10, sawa na miezi mipevu 20 iliyopangwa mstari. Darubini kubwa ingeweza kuuona vipande vipande tu, lakini lenzi ile ndogo iliuona mzima.

Kwa nini kamera inaona tusichokiona? Sababu moja ni ukubwa wa tundu. Mboni ya jicho gizani hufunguka kama milimita 7. Lenzi ya milimita 200 yenye uwazi wa f/2.8 ina tundu la milimita 71, hivyo hupitisha mwanga karibu mara 100 zaidi. Ila iliyo kubwa zaidi ni muda. Jicho hukusanya mwanga kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huanza upya, kama mtu anayekinga kwa kiganja bomba linalodondoka. Kamera ni ndoo iliyoachwa chini ya bomba hilo usiku kucha.

Kisha kuna suala la rangi. Nyuma ya jicho kuna seli za aina mbili. Zinazotambua rangi huhitaji mwanga mwingi. Zinazofanya kazi gizani hazijui rangi, na mwanga mwekundu hazihisi takriban chochote. Tena zinachelewa: huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, kwa kutumia kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini A. Ndiyo maana mtoto aliyepungukiwa vitamini hiyo huanza kugongana na vitu jioni inapoingia. Na ndiyo maana ukiwasha simu mara moja tu huko porini, unalazimika kuanza kuzoea giza upya. Tumia tochi nyekundu.

Sasa, wekundu ndio rangi kuu ya nebula nyingi. Katikati ya nebula ya Jabari kuna nyota changa zenye joto kali zinazomwaga miale ya urujuanimno. Miale hiyo huzipokonya atomi za haidrojeni elektroni zake, na elektroni zinaporudi mahali pake hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656.3. Hapo ndipo kamera ya kawaida inapoleta tatizo. Watengenezaji huweka mbele ya sensa kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu huo ili ngozi za watu zitoke na rangi yake halisi. Canon walitoa 60Da mwaka 2012 na Nikon wakatoa D810A mwaka 2015, kamera zenye kichujio kinachoruhusu wekundu huo kupita. Wapo pia mafundi wanaofungua kamera ya kawaida na kukiondoa. Kwa anayeanza, sioni haja ya gharama hiyo. Nebula ya Jabari na ile ya Carina zina mwanga wa kutosha kupita hata kwenye kichujio. Utakapotamani Kichwa cha Farasi, wingu jeusi lililogunduliwa mwaka 1888 na Williamina Fleming kwenye bamba la picha katika kituo cha kuchunguzia anga cha Harvard, hapo ndipo utakihisi kichujio kikikubana. Fleming, kwa taarifa yako, alianza kama mtumishi wa ndani nyumbani kwa mkurugenzi wa kituo hicho.

Kizuizi cha pili ni dunia yenyewe, maana inazunguka nyuzi 15 kila saa. Ukifunga kamera kwenye stendi ukatumia milimita 200, nyota huanza kuwa vistari ndani ya sekunde moja au mbili. Wenye uwezo hununua kifaa cha kufuatilia nyota, ambacho huizungusha kamera kwa kasi ileile ya dunia kuelekea upande wa pili. Ili kifanye kazi, mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga. Mtu wa Ulaya huitafuta nyota ya ncha ya kaskazini, ikampa mwelekeo. Sisi tuliokaa kwenye Ikweta hatuna wepesi huo. Ukiwa Nairobi, ncha ya kusini iko juu ya upeo wa macho kwa nyuzi moja na kitu, na Dar es Salaam haifiki nyuzi 7. Mara nyingi imefichwa na miti au utusitusi. Tumia dira na kipima mwinamo cha simu kabla giza halijaingia, kisha piga picha ya dakika moja na uikuze. Nyota zikiwa vistari, sogeza mhimili kidogo, piga tena. Kazi hii hula saa nzima, na haina njia ya mkato.

Asiye na kifaa hicho asikate tamaa. Punguza urefu wa lenzi hadi milimita 85 au 70, fungua shata sekunde moja, na piga picha 600. Tayari umekusanya dakika 10 za mwanga. Picha moja moja zitajaa chenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Programu za bure kama Siril na DeepSkyStacker huzipandanisha, na kwa kuwa chenga hubadilika kila picha huku nebula ikibaki palepale, chenga hufifia. Picha 4 huzipunguza kwa nusu, na picha 100 huzipunguza mara 10. Ukitaka mara 20, ni picha 400. Kwa hiyo usiku mmoja kwenye nebula moja una faida kuliko usiku wa kukimbilia nebula kumi.

Kinachotukosesha wepesi wa ncha ndicho kinachotupa anga pana. Nebula ya Jabari, iliyo mbali takriban miaka 1,300 ya nuru, hupita utosini kabisa Tanga na Pemba, mahali ambapo hewa ya kupenya ni nyembamba kuliko kwingine kokote angani. London haipandi zaidi ya nyuzi 34. Nebula ya Carina, pana mara nne ya mwezi mpevu, mtu wa London haioni kamwe. Sisi tunaiona jioni za Machi hadi Juni, masika yakiruhusu. Juni hadi Agosti, bara likiwa kavu, huja nebula za upande wa Nge na Mshale.

Kitu kimoja lenzi ghali haikinunui, nacho ni giza. Mng'ao wa taa za Dar es Salaam au Nairobi hujaza ndoo yako kabla nebula haijadondosha tone. Taa ya nje iliyofunikwa juu, ikamulika chini tu, inawatosha wapita njia na inatuachia anga. Mwenye nyumba, mwenye hoteli, mhandisi wa barabara: tunawaomba hilo.

Anza na Jabari. Katikati ya Januari, kati ya saa 4 na saa 5 usiku, linakuwa juu ya kichwa chako. Chagua siku ambazo mwezi haujaandama au ndiyo kwanza umeandama, toka nje ya mji pamoja na mwenzako, na chukua betri mbili zilizojaa. Kukipambazuka, funika lenzi: jua likipita ndani yake bila kichujio maalumu huunguza sensa, na jicho linalochungulia kwenye kitundu cha kamera laweza kupofuka.