Mrembo

Mrembo (wingi: warembo) ni neno la Kiswahili linalotaja mtu mwenye sura na umbo la kupendeza, hasa mwanamke, mwanamume huitwa zaidi mtanashati. Linatokana na kitenzi "kuremba", yaani kupamba, ndiyo maana "urembo" ni uzuri na pia vipuli, shanga au hina. Kwa asili basi mrembo ni aliyejipamba, ingawa siku hizi hata asiyejipamba huitwa hivyo. Magazeti hulitumia kwa washiriki wa mashindano ya urembo, kama Nancy Sumari, Miss Tanzania wa 2005, aliyetwaa taji la Afrika katika Miss World mwaka huohuo. Mitaani vijana humwita "mrembo" msichana wasiyemjua jina. Wengine hufurahi, wengine huona wamekosewa adabu.